Uwanja wa Dada

Uwanja wetu wa besiboli hapa Al Wukair, nchini Katari, umepewa jina kwa heshima ya mwanamke, na wako wasiolipenda jina hilo. Sisi tunauita hivyo hivyo: Uwanja wa Dada.

Dada alikuwa Mganda, mlinzi wa langoni katika kampuni niliyoiendeshea basi. Shuleni kwao alicheza besiboli, na alipoona kiwanja kitupu nyuma ya kambi ya wafanyakazi wanawake, kimejaa mawe na vifusi, aliazima koleo kwa mtunza bustani akaanza kukisafisha. Ijumaa baada ya Ijumaa alikuwa pale, kilemba kichwani, akikusanya mawe. Wanaume tulimcheka. Mimi nilimuuliza kama kampuni imemtuma. Akanijibu kwamba kampuni humtuma siku nyingine zote. Ijumaa anajituma mwenyewe.

Nilirudi na glavu zangu za kazi.

Mwenye kiwanja, mzee wa Kikatari, alipopita na gari lake tulidhani tutafukuzwa. Dada alimfuata hadi dirishani akamweleza kwa Kiarabu chake cha langoni. Mzee akasema tucheze mpaka atakapojenga. Basi Dada akatufundisha kupiga mpira kwa gongo tulilochonga kutokana na mpini wa sururu, kukimbia kutoka gunia moja la mchanga hadi jingine, na kutobishana na mwamuzi, ambaye alikuwa yeye. Tulikuwa Wakenya, Waganda, Wanepali wawili watatu, wake kwa waume.

Habari zikafika ofisini. Msimamizi wetu akaja na bango lenye jina la kampuni, kofia mpya na mpiga picha. Akatupanga wanaume mbele ya bango. Dada na wanawake wenzake wakaambiwa wasogee pembeni.

Dada akasema, "Mawe ya hapa nimeyatoa kwa mikono hii. Sisimami pembeni."

Msimamizi akarudia amri. Dada akaenda kuketi juu ya gunia la mwisho, pale mchezaji anapomalizia mbio. Mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha. Nikavua ile kofia nikaketi kando yake. Akaja mwingine, na mwingine. Mpiga picha akabaki kulipiga picha bango peke yake.

Mimi waliniacha kazini, kwa kuwa madereva walikuwa haba. Dada alihamishiwa lango la mbali, jangwani, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Hakulia. Alinionya tu tusiruhusu watu kumwaga takataka pale.

Bango liliangushwa na upepo, hakuna aliyeliinua. Msimu huu mzee ameanza kujenga, kama alivyosema. Tumepata kiwanja kingine mbele kidogo, kina mawe mengi kuliko kile cha kwanza. Ijumaa iliyopita tulikuwa huko na makoleo, na mgeni mmoja, muuguzi kutoka Kisumu, akauliza uwanja huu tutauitaje.

Tukamwambia una jina tayari, na tukampa koleo.