Niliitia Siri ya Barua Ndani ya Fumbo

Wasomaji wenzangu, nimekosa. Sikusukumwa na mtu, wala Ibilisi hakuja kunigongea mlango. Nilikaa nikawaza, nikapima, nikatenda. Hadi leo nikishika kioo ninyoe ndevu, naona kinyaa.

Mimi ni mchuuzi wa nazi hapa Msambweni. Nazi nazihesabu mara mbili: mara ya kwanza mwenye shamba ananitazama, mara ya pili hanitazami. Tena najua kusoma, basi watu wa mtaa walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee. Bei yangu ilijulikana. Barua ya salamu, yai moja. Barua ya kilio, mayai mawili, maana msomaji naye huumia! Watu walinicheka, lakini mayai walileta. Na pamoja na mayai walileta siri zao.

Mwaka juzi alikuja mwalimu wa kike kufungua kisomo cha akina mama. Mahali hapakuwapo, nikatoa ua wangu. Kila baada ya alasiri, wanawake kumi na wawili juu ya mikeka, na mke wangu mmoja wao. Kurani wanaisoma vizuri kuliko mimi, lakini herufi hizi za kizungu ziliwatoa jasho. Mwezi haukwisha, wakaanza kusinzia. Ba be bi bo bu, mtu kichwa kimeanguka begani kwa mwenziwe.

Hapo nikajitia mimi.

Katika magazeti makuukuu ya kufungia bizari nilikuwa nimeona fumbo la visanduku. Vyeupe vya kuandikwa herufi, vyeusi vya kurukwa, na chini yake vidokezo. Neno lililolala linapita juu ya neno lililosimama, na herufi moja inatumika kotekote. Herufi moja, kazi mbili! Mchuuzi gani hatapenda?

Nikachora la kwangu kwa mkaa, juu ya ubao wa kasha la chai. "Hukunwa ingawa haiwashwi. Herufi nne." Wallahi, ua ulifufuka! Walipogundua kuwa ni NAZI, walipiga vigelegele utadhani kuna harusi. Kila wiki nikawachorea jipya. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakisomeana majina ya leso njiani.

Aliyewashinda wote ni Bi Mishi, jirani yetu, shoga wa mke wangu. Mumewe alikuwa kibarua wa gangi la reli huko Samburu, na barua zake zote zilipita kinywani mwangu kwanza.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "usinione mjuvi. Nataka ifike siku mume wangu anisemeshe mimi, si wewe."

Nikacheka. Moyoni nikahesabu mayai nitakayoyakosa. Ndiyo, mayai! Mnaona mtu gani anawaandikia?

Kisha ikaja barua mbaya. Mume alikuwa amekasirika kwamba mkewe hataki kumfuata Samburu, akamwandikia talaka moja. Niliisoma, Bi Mishi akakaa chini.

"Isome tena," akasema.

Nikaisoma tena.

"Shemeji, hii ni amana. Mjomba wangu atakwenda kuzungumza naye. Akinirejea kabla ya eda kwisha, hakuna atakayejua. Mama mkwe akijua, mimi nimekwisha."

Na kweli, yule mama mkwe kila mtu alijua kwamba anatafuta mwanya wa kumtoa.

"Bi Mishi," nikamwambia, "mimi ni kaburi."

Kaburi! Kaburi gani lenye mdomo?

Mjomba alikwenda, akarudi na habari njema. Mume amejuta. Mwisho wa mwezi atakuja kumrejea mkewe, mradi mama yake asisikie kwanza.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nachora fumbo. Pembeni pakabaki visanduku vitatu, na cha katikati kimeshikwa na D ya DAFU. UDI lingeingia. ADA lingeingia. Niliyaona yote mawili, nikayajaribu mara mbili, nikayaacha. Nikaandika kidokezo hiki: "Mwenye mume Samburu anaihesabu kimya kimya. Herufi tatu."

Katika wanawake wale kumi na wawili, mwenye mume Samburu alikuwa mmoja tu.

Kwa nini? Nilitaka wacheke. Nilitaka wajue kwamba mimi najua. Na nilitaka yule mwanamke aliyekuwa mbioni kunipita akumbuke siri zake amezikalia nani. Ptuu!

Kwa kawaida mwalimu huupitia ubao kwanza. Siku hiyo niliuchelewesha kusudi mpaka wote wamekaa, ndipo nikaupeleka. Nikajibanza nyuma ya ua wa makuti nisikilize kicheko changu.

"Leo atusomee Bi Mishi," nikamsikia mwalimu.

"Mwe-nye. Mwenye. Mu-me. Mwenye mume. Sa... Samburu!"

"Haya, shoga, mumeo katajwa!" mmoja akapasua kicheko.

"A-na-i-he-sa-bu. Ki-mya. Ki-mya."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma sentensi nzima bila kushikwa mkono. Mwalimu akapiga makofi kabla hajaelewa. Mwanakombo, mwepesi wa ulimi kuliko wenzake wote, akaruka: "Eda! Eda hiyo, inaingia!"

Kisha hakuna aliyecheka. Nilisikia leso ikikung'utwa na makubadhi yakiondoka.

Mke wangu akanijia nyuma ya makuti.

"Baba Fatuma, haya umeyaandika wewe?"

"Mchezo tu."

"Nani alikuambia?"

Nikajifanya kufuta mkaa viganjani.

"Umeyatoa kwenye barua yake," akasema. Akatema mate chini, mbele ya miguu yangu. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kunipandishia sauti!

Kabla ya magharibi mama mkwe alikuwa amekwisha kusikia. Kesho yake asubuhi alipanda lori, akaenda Samburu mwenyewe. Alichomwambia mwanawe sikijui. Ninachojua ni kwamba mwisho wa mwezi ulifika na mume hakufika. Eda ikaisha. Bi Mishi akafunga mzigo wake kwenda kwa kaka yake Kinango, kule ambako maji mtu huyafuata nusu siku na debe kichwani. Alipita mlangoni kwetu, akamuaga mke wangu. Mimi hata hakunitukana. Lau angenitukana!

Kisomo nacho kikafa. Walikuja watatu, kisha mmoja, kisha mikeka mitupu. Kila mwanamke alimuuliza mke wangu swali moja: "Na yangu imo?" Mwalimu alikusanya chaki zake, akaniambia, "Nimefundisha kwingi, lakini sijaona mtu akiua darasa kwa kipande cha mkaa."

Barua siletewi tena. Watu wanakwenda kwa karani wa huko barabarani, mwendo mrefu na jua lote hili, na kwangu wanapita wakitazama mbele.

Ijumaa iliyopita ilikuja barua kutoka Kinango, ya mke wangu. Mwandiko umepinda kama njia ya mbuzi, lakini ni mkono wa Bi Mishi mwenyewe. Kwa mazoea nikanyoosha mkono: "Lete nikusomee."

Akaifunga kwenye pindo la leso. Leo siku ya nne anaikokota jikoni, silabi kwa silabi, midomo inacheza. Jana alifika mahali akacheka peke yake. Nikamuuliza inasemaje. Akanitazama kama mtu anayetazama panya aliyefia ndani ya unga.

"Bado sijafika mwisho," akasema.

Nyinyi mnaowasomea watu barua, sikieni kutoka kwa aliyeoza: mtu aliyekupa barua yake amekuazima macho tu, hakukupa ulimi. Soma, kunja, rudisha. Na mafumbo tungeni, yanafundisha kweli. Lakini mkitaka kuchekesha watu kwa siri, anzeni na zenu. Mimi nimechelewa, ila hii hapa ni yangu.