Nilivyomwozesha Mjukuu Wangu Mbele ya Shule Nzima

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kwenye ujuaji nilihitimu. Juzi mjukuu wangu Zuhura, wa kidato cha pili, alinialika kwenye igizo la shule yao hapa Ilala, la kupinga kuozesha wanafunzi. Nikavaa koti langu la mtumba kutoka soko la Mchikichini, limenizidi mabega, lakini tuliache hilo.

Mwalimu akaeleza kwamba mtazamaji yeyote akiona baya jukwaani, anyooshe mkono, apande, alirekebishe. Zuhura alicheza binti anayetaka kusoma. Mvulana mwenye ndevu za pamba akaja kumposa, akachomoa barua ya posa mfukoni kama risiti ya dukani.

Jamani, mimi nimekuwa mshenga miaka arobaini! Nikanyoosha mkono, nikapanda.

"Barua ya posa inafungwa kwenye leso, kijana! Umelelewa wapi wewe?"

Watoto wakacheka, na mimi bichwa likavimba. Nikaifunga kwa leso yangu mwenyewe, nikabisha hodi, nikawasifia wale waliocheza wazazi mpaka wakasahau igizo lao, wakakubali. Nikaomba na dua. Kisha nikawainamia watazamaji, nikingoja makofi kama mpumbavu.

Badala ya makofi, Zuhura akanisogelea, machozi yanamlengalenga, na hayo hayakuwa ya igizo.

"Babu, niliwaambia wenzangu wote kwamba wewe utapanda kunitetea."

"Si nimerekebisha, mjukuu wangu?"

"Umeniozesha, babu."