Nyongeza ya Mama

Mama alirudi nyumbani na mpira mwembamba uliopita puani hadi tumboni. Kiharusi kilikuwa kimemnyima kumeza. Mimi, muuza maharage wa Mengo, hapa Kampala, niliyekuja kutoka Kenya vita vya huku vilipokwisha, nikawa mlishaji. Hospitali walisema sirinji nne za uji mwepesi, mara tatu kwa siku. Nilihesabu mara mbili: kumi na mbili.

Siku ya tatu tumbo lilivimba, akatapika. Siku ya nne hivyo hivyo. Nikamwita nesi jirani yetu, mwanamke asiyepunguza maneno. Alilibonyeza tumbo.

"Ssebo, bwana wangu, uji ikirudi juu iingie mapafu, tunazika huyu mama. Unampa ngapi?"

"Nne."

"Nne tu?"

"Na nyongeza kidogo."

Sokoni nyongeza haihesabiwi. Unapima, kisha unatupia konzi moja juu ili mteja arudi. Mama ndiye aliyenifundisha. Hakuna aliyewahi kumuuzia nyanya asimwongezee mbili. Ningempunja yeye?

"Tumbo si mteja," nesi akasema. "Na unasukuma kama pampu ya baiskeli?"

Nilisukuma, ndiyo, dukani watu walingoja. Akachomoa kisukumio, akaishika sirinji juu, uji ukateremka wenyewe. Usiwe baridi wala moto, akasema. Sirinji mbili mbili, mara sita. Nikahesabu tena: kumi na mbili zile zile. Kichwa kiwe juu anapolishwa na saa nzima baadaye.

"Nusu saa?" nikajaribu.

"Saa moja. Hapa si sokoni."

Mito niliyomwekea kichwani iliteleza, nikaiegemeza kwa nusu gunia la maharage. Hapo katikati ya milo nilimsugua tumbo polepole kwa kiganja, nikizungusha kama mshale wa saa.

"Na dawa?" nikamuuliza nesi.

"Kwanza acha nyongeza. Ikishindikana, tunaona daktari."

Duka likafungwa mara sita kwa siku. Shangazi alikuja kutoka Old Kampala, akaona uji uliobaki kikombeni.

"Mwanangu, unamnyima mama yako?"

"Namnyima, Shangazi."

Wiki ilipita bila kutapika. Asubuhi moja tumbo lilikuwa laini, na mama akatoa upepo mrefu, bila haya.

"Webale, nnyabo," nesi akamshukuru, kana kwamba amepewa zawadi.

Nilimimina sirinji ya pili, nikahesabu mara mbili. Mkono wa mama ambao kiharusi hakikuugusa ulikisogeza kikombe cha uji uliobaki upande wangu. Nyongeza nikainywa mwenyewe. Haikuwa na sukari.