Mrushaji Aliyeigiza Maadui

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Lonnie Trask ni kwamba alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto na hakuuweza. Maharage yalimdondokea kifuani, akayafuta kwa kitambaa, kisha akaendelea kwa mkono uleule. Ilikuwa Jumanne ya wiki yangu ya kwanza kazini, katika bwalo la timu ya Korongo hapa Erie, ambako nimeajiriwa kukata na kupanga video za mazoezi. Nilimuuliza kwa adabu kama ameumia mkono wa kulia.

"Hapana, dada," akasema. "Jumapili tunacheza na Tacoma. Mrushaji wao ni wa shoto."

Nilidhani ananitania. Jumatano nilipowasha kamera nikaelewa. Katika mpira wetu huu wa helmeti, mrushaji ndiye kichwa cha timu: yeye ndiye anayeita mchezo, mpira unamfikia yeye kwanza, na ana sekunde tatu za kuamua aurushe, ampe mwenzake, au alale chini na majitu manne juu yake. Lonnie alikuwa mrushaji wa tatu wa Korongo, na wa tatu hachezi. Kazi yake ni kuwa adui. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa anakuwa mrushaji wa timu tunayokwenda kukutana nayo, ili walinzi wetu wamzoee kabla ya Jumapili. Akiwa adui anachechemea, Lonnie anachechemea. Akiwa anajikuna shingo kabla ya kuita mchezo, Lonnie anajikuna. Sauti, hatua, kiburi, woga, vyote anavibeba. Kwa miaka sita alikuwa ameshakuwa watu zaidi ya tisini, na katika miaka hiyo sita hakuwahi kucheza hata dakika moja ya mechi inayohesabiwa.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alitaka kitu kimoja tu: aanze mechi moja, kwa jina lake. Alikuwa akilisema hilo bila aibu na bila kulalamika, kama mtu anayesema ana kiu.

Mkewe, Corinne, anayesafisha meno ya watu katika kliniki moja mtaa wa State, aliniambia nyumbani hali si tofauti. "Wiki ya Tacoma alinikumbatia kwa upande ambao si wake," alisema. "Nikamwambia, wewe bwana, mpeleke huyo jamaa kwao, mimi namtaka mume wangu."

Kocha wetu ni Burt Haverkamp, mtu mpana anayetafuna mbegu za alizeti mchana kutwa na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi. Msimu huu amebadilisha mfumo wa kushambulia mara tatu. Mrushaji wetu mkuu, Colby Renshaw, ana mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye kamera, ila akisikia miguu nyuma yake anaurusha mpira popote. Badala ya kumfundisha kutulia, Haverkamp alimpa kitabu kipya cha mbinu mwezi wa tisa, kingine mwezi wa kumi, na kingine baada ya hapo. Tukiwa tumebakiza yadi moja kufika mstari wa mwisho anamwamuru arushe mbali. Tukiwa tumebakiza yadi ishirini anaamuru watu wakimbie katikati, mahali penye msongamano. Kufikia mwezi wa kumi na moja mashabiki walikuwa wanakuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, yenye matundu mawili ya macho, kama desturi yetu ya kuficha aibu ilivyo mambo yakifika hapo.

Kocha anayefungwa hutafuta pa kuegemeza hasira, na Haverkamp alimwegemezea Lonnie. Warushaji wote huvaa jezi nyekundu mazoezini. Maana yake: huyu asiguswe. Alhamisi moja walinzi wetu walikuwa wazito, hawakimbii, wanacheka. Haverkamp alipuliza filimbi.

"Trask. Vua nyekundu."

Lonnie alimtazama. "Kocha, zimebaki siku tatu tu kabla ya mechi."

"Kwani wewe una mechi?"

Watu walicheka. Lonnie aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye nyasi. Haverkamp akawageukia walinzi: "Haya, mbwa wangu. Nyama hiyo."

Nina video ya dakika kumi na tisa zilizofuata. Aliangushwa mara kumi na nne. Kila mara aliinuka, akarudi mahali pake, akaita mchezo kwa sauti ya mrushaji wa Tucson, kwa sababu wiki ile alikuwa Tucson. Jioni daktari wa timu alimkuta na ubavu wenye ufa. Jumapili walinzi wetu walicheza vizuri kuliko siku zote, na Haverkamp akayaambia magazeti kwamba amegundua njia ya kuwaamsha.

"Kwa nini hukukataa?" nilimuuliza.

"Nikikataa wataleta mwingine," akasema. "Wapo mia wanaoisubiri hiyo nafasi ya kupigwa."

Mwezi wa kumi mrushaji wa pili alivunjika bega, na Haverkamp hakutafuta mwingine. Kwa makaratasi, Lonnie akawa wa pili. Kwa vitendo hakuna kilichobadilika. Aliendelea kuwa adui siku tatu kwa wiki, na hakupewa hata zoezi moja la kuwaongoza Korongo wenyewe. Alimwomba Haverkamp dakika tano tu mwisho wa Ijumaa, azoee mikono ya mtoa mpira wetu, yule anayeanzisha mchezo kwa kumpa mrushaji mpira.

"Ukizoea yetu utasahau ya kwao," Haverkamp alimjibu. "Kila mtu na duka lake."

Ndipo ikaja mechi ya Omaha, hapa nyumbani. Katika robo ya tatu mlinzi wa Omaha alikanyaga kidole gumba cha mkono wa Renshaw kikavunjika. Haverkamp alitazama kushoto, akatazama kulia, akatema ganda. "Trask," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Uwanja mzima ulisimama. Corinne alikuwa jukwaani na jirani zake. Lonnie aliingia mbio, akakusanya wenzake, akawapa mchezo bila kukosea neno. Walipanga mstari. Mtoa mpira wetu huuachia mpira kati ya miguu yake anaposikia "haya" ya kwanza. Hivyo ndivyo Korongo wanavyofanya. Omaha huuachia kwenye "haya" ya tatu, na wiki nzima, mara mia mbili na zaidi, Lonnie alikuwa Omaha.

Aliita "haya." Mpira ukatoka. Mikono yake ilikuwa bado imelegea, inasubiri mbili zilizobaki. Mpira ulimgonga kidevuni, ukaanguka, ukaokotwa na mlinzi wa Omaha mwenye uzito wa kilo mia na hamsini, aliyetembea nao hadi mstari wa mwisho. Alama sita. Yule jitu alirudi anacheka mpaka helmeti inamcheza.

"Kaka," alimwambia Lonnie, "sauti ni ya kwetu kabisa. Njoo Jumatatu uchukue funguo za kabati lako."

Mashambulizi mawili yaliyofuata hayakuwa bora. Alikuwa anawaza kila "haya" kabla ya kuitamka, na mrushaji anayewaza ameshachelewa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile watu sitini elfu waliyaona.

Mbele ya waandishi wa habari Haverkamp angeweza kusema ukweli, kwamba yeye ndiye aliyemnyima mazoezi. Alisema: "Nilimwingiza Trask. Aliyetoka kwenye handaki la kuingilia uwanjani ni mtu wa Omaha. Mimi nifanye nini?" Chumba kizima kilicheka, nami niliyeshika kamera nilitabasamu, jambo ambalo nimelijutia.

Wiki mbili zilizofuata, ya kwanza bila mechi, zilikuwa mbaya. Mechi iliyokuja Haverkamp alimchukua mrushaji mmoja mzee aliyekuwa amestaafu na anauza boti huko Sandusky, akamwanzisha baada ya siku nne tu, tukafungwa alama arobaini na moja, na mzee akarudi kwenye boti zake na goti bovu. Lonnie alirudi kuigiza. Mjini watu walimwita Haya-Haya. Alipokuwa kwenye foleni ya kununua samaki wa kukaanga Ijumaa, mama mmoja alimwambia keshia kwa sauti, "Mpe risiti mara tatu ndiyo atanyoosha mkono." Kanisani mzee aliyekuwa akipokea watu mlangoni alimpa mkono, akaurudisha, akampa tena. Corinne alisikia yale yale kutoka kwa mgonjwa aliyekuwa amefungua kinywa kwenye kiti chake. "Nilimsafisha meno taratibu sana," aliniambia, "ili nisimuumize kwa makusudi."

Jumatatu hii asubuhi tulikuwa tumeshinda mechi mbili kati ya kumi na sita, na imebaki moja, ya Charleston hapa nyumbani. Portland nao mbili. Atakayemaliza mkiani ndiye atakayechagua wa kwanza miongoni mwa vijana wanaotoka vyuoni, na mwaka huu yupo mrushaji mmoja wa chuo ambaye watu wa Erie wamelibandika jina lake madirishani kana kwamba ni mtakatifu. Tajiri wa timu amemwambia Haverkamp wazi: tukimpata kijana huyo, kazi yako ipo. Tukimkosa, fungasha.

Haverkamp alimwita Lonnie kwenye chumba cha video. Nilikuwa humo, nataka kutoka, akanionyesha kwa kidole nibaki, kama vile mimi ni kiti.

"Jumapili unaanza wewe," alisema.

Lonnie aliketi.

"Usinitazame hivyo. Sikuambii upoteze. Ningekuambia hivyo ningefungiwa maisha. Nakuambia ucheze."

"Nimeelewa, Kocha."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba unadhani nitapoteza bila kuambiwa."

Haverkamp alitema ganda kwenye kikombe. "Ndiyo maana nakupenda, Trask. Una akili. Mkono tu ndio huna."

Lonnie aliinuka kitini. "Na wiki hii mimi ni nani?" akauliza. "Mazoezini?"

"Wiki hii wewe ni wewe. Hilo ndilo ninalolitegemea."

Haverkamp alipotoka nilijaribu kumwambia Lonnie kwamba ni dhuluma, kwamba anaweza kukataa, aende kwa magazeti. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "unipatie video zote za Korongo tangu mwezi wa tisa. Zangu hazipo, najua. Za Renshaw. Nataka kumwona mtoa mpira anavyopumua."

Nilimpa. Jumatano alivaa nyekundu na kusimama upande wetu kwa mara ya kwanza. Vijana wa mstari wa mbele walinong'ona. Mmoja alimwuliza, "Haya ya ngapi, mzee?" Lonnie akajibu, "Ya kwanza, mwanangu, na ukichelewa nitakuacha hapo na mama yako atakutazama kwenye televisheni." Wakacheka, safari hii si kama kule nyuma.

Mtu ambaye hakuna aliyemtazamia alikuja Alhamisi. Renshaw, kidole kikiwa kimefungwa chuma cha kukinyoosha, alivuta kiti akakaa karibu na Lonnie mbele ya skrini.

"Nikuonyeshe wanavyokuja Jumapili," alisema. "Huyu namba hamsini na tano anadanganya kwa mabega. Mtazame nyonga."

"Kwa nini unanisaidia, Colby?"

"Tukifungwa wananiletea yule kijana wa chuo, mimi naenda kuwa wewe."

Lonnie alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi angalau unajua njia," akasema.

Wamekaa hivyo siku mbili, saa nane kila siku. Renshaw anafundisha vizuri kuliko anavyocheza. Lonnie hajakosea mpira hata mmoja katika mazoezi, nimehesabu, mia moja themanini na saba. Pia nimeona ambavyo havijapona: akirusha mbali kushoto mpira unaelea, kwa sababu ya ule ubavu, na kila mlinzi wa Charleston ataliona hilo kufikia robo ya pili.

Gazeti la leo limewaomba mashabiki wa Korongo washangilie wageni. Limechapisha maneno ya wimbo wao. Duka la vifaa kwenye barabara ya Peach linatoa mifuko ya karatasi bure. Kesho uwanja mzima utaomba afungwe, kocha wake ataomba afungwe, na tajiri aliye ghorofani ataomba hivyohivyo. Akishinda, Haverkamp atafukuzwa, kijana wa chuo atakwenda Portland, na Erie haitamsamehe Lonnie Trask kwa muda mrefu sana. Akifungwa, atakuwa amewafanyia wote hisani na watamcheka.

Baba yake, Virgil, anatoka Ashtabula na ndugu kumi na mmoja kwenye magari mawili. Corinne amewashonea wote jezi, maana dukani hakuna jezi yenye jina Trask, haikuwahi kutengenezwa. Nilimuuliza Lonnie kama amewaambia kwa nini kapewa mechi hii. Alisema amewaambia. Baba yake alimjibu, "Sisi tunakuja kukuona wewe. Hao wengine na waje kumwona wanayemtaka."

Haverkamp ameagiza tukishinda kura ya sarafu tuchukue mpira kwanza, ili mambo, kwa maneno yake, yaishe mapema. Theluji imeanza kutoka ziwani. Mechi ni kesho saa saba mchana. Nimeshachaji kamera zote nne, na moja nimeipa kazi ya kumfuata yeye peke yake, tangu atakapotoka kwenye handaki. Sasa ni saa nne asubuhi, Jumamosi. Zimebaki saa ishirini na saba.