Kisu cha Mzee Mrisho

Nyumba ya marehemu Okwach pale Pasiansi ilikuwa na desturi moja: iwe kipaimara au msiba, mchinjaji ni Mzee Mrisho, jirani wa ukuta kwa ukuta, ili wageni wote, Wakristo na Waislamu, wale chungu kimoja. Mwalimu Dorotea, mjane wa Okwach, alijivunia jambo hilo hata mbele ya mapadri.

Mwaka huu aliivunja desturi hiyo mwenyewe. Hamduni, kitinda mimba wa Mzee Mrisho, alikuwa amerudi kutoka masomoni akiwa mtu wa Answari Suna: ndevu ndefu, suruali juu ya vifundo. Alikuwa akibishana na baba yake juu ya kusoma maulidi. Alipoalikwa kwenye kumbukumbu ya Okwach alijibu kwa upole, "Samahani, mama. Hata hitima za kwetu nimeziacha."

Dorotea, aliyemfundisha kusoma na kuandika, alisikia tusi. Juma lile lile mhubiri wa semina ya parokia aliwaonyesha waumini picha za milipuko na kusema wenye ndevu kama hizo wote ni kitu kimoja. Basi alfajiri ya shughuli akamkabidhi mpwa wake Owiti kisu na ng'ombe.

Mzee Mrisho alifika asubuhi, kanzu imepigwa pasi, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti. Akakuta masufuria yanachemka.

"Shikamoo, shemeji," alisema Dorotea.

"Marahaba, shemeji. Mmeniwahi! Au mmeona mkono wangu umezeeka?"

Mawifi walikuwa wanatazama. Nyumba ya Okwach haijawahi kuaibika mbele ya watu. "Hapana, shemeji. Nyama imetoka machinjioni. Wamechinja wenzako."

"Kiuno changu kinashukuru," mzee akacheka, akaweka kisu chini ya kiti.

Baada ya misa chakula kilipakuliwa. Dorotea akamwona Hamduni akiingia getini na viti vya plastiki kichwani, jasho limelowanisha kanzu.

"Kula sitakula, mama," alisema, "wala kwenye ibada sikai. Ila viti havijibebi."

"Kumbe magaidi wako wana adabu," wifi yake Agutu alimnong'oneza, akacheka.

Neno gaidi lilitoka kwa Agutu, lakini Dorotea alilitambua. Ndilo alilomwambia Owiti alfajiri alipompa kisu. Akageuka. Mzee Mrisho alikwisha kunawa. Tonge la kwanza lilikuwa linashuka kooni.

"Usile, shemeji!"

Akaishika sahani ya mzee kwa mikono miwili. "Amechinja Owiti. Nimekudanganya."

Mzee alimtazama, kisha akautazama mkono wake wenye mchuzi. Hamduni akatua viti.

"Nyama yenyewe si neno, mama," alisema. "Walimu wangu wanasema ya Watu wa Kitabu inaliwa. Kwa hilo baba ananiita mpotevu." Akasita. "Lakini yeye haamini hivyo. Na wewe ulijua."

Dorotea hakuwahi kumuuliza kijana huyu anaamini nini. Alimuuliza mhubiri wa semina.

Mzee Mrisho alisukutua mdomo kwenye bomba, akachukua kisu chake na gazeti lake. Dorotea akamfuata hadi getini, mbele ya mawifi, mbele ya wanakwaya, mbele ya wote aliokuwa akiwaogopa.

"Shemeji, nisamehe."

Mzee alikuwa amempa mgongo. "Niache nifike nyumbani kwanza, mwalimu," alisema.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita mwalimu.