Neno la Chini ya Picha ya Kaka

Baada ya mauaji ya kimbari, kaka yangu alibaki picha moja, ya harusi yake kule Nkungu. Watu wa ukumbusho waliiomba waitundike kwao, na chini yake waandike Kiingereza kwa ajili ya wageni. Binti yangu, aliyesoma, akaandika "murdered". Akanieleza kwamba ni kuuawa na muntu aliyekusudia. Nikasema, ndilo hilo.

Bwana wa ofisi yao akalifuta, akaweka "lost his life".

"Ni karibu sawa tu, Maman. Ila hii ni ya upole, bageni basishtuke."

"Inasema nini?"

"Eti alipoteza maisha."

"Alipoteza? Yalimuanguka ku njia ya soko, kama ufunguo? Aliyemuua ni parrain wake wa harusi, msimamizi aliyemuchagua yeye mwenyewe! Huyu hapa, amemushika bega. Leo analima mpunga Bugarama, na ananisalimia."

Bwana akaitazama picha, akasema basi waikate upande ule. Nikamnyang'anya.

Iko sebuleni kwangu, nzima, na neno la binti yangu chini yake. Wageni wangu wanashtuka. Bashtuke.