Miguu Ndani ya Karai

Jepkosgei aliolewa na ndugu wa mume wangu, na katika kambi ya vibarua wa shamba la mzungu sote tulimwita Mama Kemboi. Hakuwa na ugonjwa wa kumwonyesha daktari. Alikula vizuri, alilima, na maua ya pareto aliyachuma haraka kuliko wengi wetu. Ila mikono yake haikujua kutulia. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa. Akisonga ugali, aliacha mwiko akatoka kutazama barabara ya Elburgon, na aliporudi ugali ulikuwa umeshika chini.

Nilimwona alipoanza kuwa hivyo. Ni mwaka ule serikali ilipotangaza Hali ya Hatari. Jirani yetu Wangui, mke wa Nderitu, aliongea naye jioni pale kwenye ua wa kayaba, wakaagana vizuri. Asubuhi malori yalikuja yakawachukua Wakikuyu wote wa kambi yetu, wazee na watoto wachanga pamoja. Nyumba ya Wangui ilibaki wazi, moto bado unafuka jikoni. Mama Kemboi alisimama pale mlangoni mpaka nyapara akamfukuza aende shambani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuangalia. Kila kitu alikiangalia, kisha akakiangalia tena, kana kwamba akigeuza shingo tu kitaondoka.

Mimi pia ni mtu wa wasiwasi, kwa hiyo sikumcheka. Tulizoea. Shida yenyewe ilikuja kwa njia ya maziwa.

Sisi hutia maziwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, tukakifunga na kukiweka mahali penye giza na baridi. Huko yanalala siku kadhaa mpaka yanakuwa mursik. Kazi yako ni moja: usikifungue. Ukifungua mapema hewa inaingia, maziwa yanaharibika, yanakuwa machungu yenye maji maji juu. Msichana mdogo anajua hayo. Mama Kemboi aliyajua kabla ya kuolewa. Lakini kibuyu chake alikifungua. Alinusa, akafunga. Kesho yake akafungua tena.

Mwaka wa hamsini na saba, Kemboi, mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, alitaka kumwoa Cheptoo, binti wa watu wa Olenguruone. Watu wake walikuja kutuona. Aliyewaongoza wanawake ni shangazi wa msichana, Jepkoech, mama mrefu wa maneno machache. Mursik ilimiminwa. Jepkoech alionja, akaweka kikombe chini taratibu.

"Maziwa haya yamechokozwa," alisema. "Nyumba gani hii ambayo hata maziwa hayapewi nafasi ya kulala? Mtoto wetu atalala?"

Walipoondoka walisema watarudi mara moja tu, palizi ikiisha, na kama ni yale yale basi Cheptoo atafutiwa kwingine. Kemboi alirudi Elburgon bila kumwambia mama yake neno. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Tulianza kutafuta dawa. Kwanza nilikichukua kibuyu nikakiweka nyumbani kwangu. Kulipokucha nilimkuta mlangoni.

"Mama Zeddy, kiko?" aliniuliza.

"Kiko."

"Umekiweka wima?"

"Nimekiweka wima. Nenda."

Adhuhuri alirudi kuuliza kama panya hawajapanda. Jioni alikuja kuuliza kama moto hauko karibu nacho. Siku iliyofuata nilitoka kuteka maji, na niliporudi nikamkuta ndani, kifuniko mkononi. Maziwa hayo tuliwapa mbwa. Alilia kidogo, kisha akainuka kuangalia kama mbwa wameyanywa.

Kilichomsaidia hakikutoka kwa mtu. Jioni moja alikuwa anaosha miguu, kwa maana tope la shamba la pareto huingia kwenye nyufa za kisigino na baridi yetu huzichana. Karai lilikuwa na maji ya moto na chumvi, na miguu yake yote ilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikichambua mboga. Nikamwona shingo imegeukia kule kwenye kibuyu kipya. Nikajua ile hamu imemjia. Lakini miguu ilikuwa imelowa, na sakafu ni udongo alioukandika siku hiyo hiyo. Akasita. Akasugua kisigino kimoja, halafu kingine. Maji yalipopoa aliniangalia kwa mshangao.

"Imepita," akasema.

"Nini?"

"Ile ya kuniambia niende nikaangalie. Nilifikiri nisipoenda nitapasuka. Imepita yenyewe."

Basi akaishika njia hiyo. Kila ilipomjia jioni, alitia miguu kwenye karai. Mumewe Kosgei alimwambia, "Endelea hivyo, mwisho utaota manyoya kama bata." Yeye alijibu kwamba bata angalau hutaga. Baada ya kuosha alijipaka mafuta ya ng'ombe miguuni, polepole, kidole kwa kidole, jambo ambalo sijawahi kumwona mtu mzima mwenye kazi akijifanyia. Miguu ya watoto wake aliipaka miaka yote. Yake mwenyewe aliisahau.

Mchana ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu huwezi kubeba karai shambani. Hapo alijaribu kukaa juani. Saa ya mapumziko, sisi tulipokimbilia nyumbani kuchungulia sufuria, yeye alibaki kwenye jiwe mwisho wa mistari ya pareto, kitambaa amekivua kichwani, uso umeelekea jua. Wanawake wa kambi hawakumwacha.

"Mama Kemboi siku hizi ni memsaabu wa kizungu. Anaota jua, kilichobaki ni kiti cha kitambaa."

"Leteni basi hicho kiti," alisema bila kufungua macho.

Usidhani aligeuka mtu mwingine. Siku nyingine alikaa kwenye jiwe goti likitetemeka kama cherehani, akainuka kabla hata jua halijamgusa. Kuna siku lori la magogo lilipinduka barabarani na habari ikafika kwamba mtu wa kiwanda ameumia. Hakuwa Kemboi, lakini tulijua hilo jioni tu. Siku hiyo karai halikusaidia kitu. Nilimkuta amekikumbatia kibuyu kifuani, vidole vimeshika kifuniko. Sikumnyang'anya. Nilichemsha maji tena, nikamwoshea mimi miguu hiyo hali amekikumbatia hivyo hivyo. Kama alikifungua kabla sijaingia, sikujua, na niliogopa kuuliza.

Watu wa Olenguruone walifika Jumapili baada ya ibada. Kemboi alikuwa amesimama nje na wanaume, amevaa koti la kuazima. Mama Kemboi alikitoa kibuyu, akakitikisa, akamimina. Maziwa yalitoka mazito, yana rangi ya majivu ya mkaa, lakini rangi si ladha. Mimi nilikuwa nikilitazama koo la Jepkoech.

Alikunywa kidogo. Akanywa tena. Nilisikia wanaume wakikohoa nje. Kisha akainua kikombe mpaka kitako chake kikaonekana, akakisogeza mbele kiongezwe.

"Haya yamelala," alisema. "Mlimpa nani kazi ya kuyachunga?"

"Hakuna," Mama Kemboi alisema. "Yalichungwa kwa kuachwa."

Jepkoech alimwangalia, macho yakashuka mpaka miguuni pake, kwenye visigino vilivyolainika, yakarudi usoni. Sijui alifikiri nini.

"Haya. Ng'ombe wa mahari mtaleta lini?" akauliza.

Mimi nilitaka kujibu. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba ndama bado wadogo, kwamba mvua, kwamba lazima nyapara atoe ruhusa. Nilimgeukia Mama Kemboi nikitegemea atakuwa ameshasimama, yuko njiani kwenda kwa wanaume. Alikuwa amejimiminia kikombe chake na kukishika kwa mikono miwili.

"Waulize wazee huko nje," alimwambia Jepkoech. "Mimi nakunywa kwanza."